Safari ya Darasa la Tano

Nilitoka zamu ya usiku, vidole vikinuka katoni na gundi,
na badala ya kupanda basi niende kulala
nikatembea. Mvua ya Leicester ilinyesha kwa uvivu,
kama mgeni asiyejua kama amefika au anaaga.
Nikasimama kwenye nguzo za makumbusho hadi saa nne,
mlango ukafunguliwa.
Nina miaka hamsini na miwili.
Hakuna aliyeniuliza ada.

Mwaka ule ada ilikuwa shilingi ishirini na tano.
Mwalimu Mghanga alisoma majina ya waliolipa,
basi likaondoka kwenda Nairobi kuona mifupa,
na sisi saba tuliobaki tukapewa mafyekeo.
Tulifyeka uwanja mzima, mpaka nyuma ya vyoo.
Usiku wakarudi, kila mmoja na mdomo wake:
kuna ndovu, kuna nyoka ndani ya chupa!
Kishoka, tuliyekaa dawati moja, akaninong'oneza:
Hukupitwa na kitu. Ni wanyama tu, na hawasogei.
Alinidanganya kwa huruma. Nilijua.
Nikamshukuru, nikamchukia.

Ndani, watoto wa shule, vizibao vya manjano,
kelele kama mvua ya mawe juu ya bati.
Mwalimu wao anawahesabu akiwagusa vichwa,
kumi na tisa, ishirini, ananifikia mimi,
mkono unasita hewani. Anacheka, anaomba radhi.
Ilibaki kidogo niseme: nihesabu tu.

Mjusi mkubwa amesimama katikati ya ukumbi,
shingo ndefu kama deni.
Bango linakiri bila haya
kwamba mifupa mingine ni yake, mingine ya kuundwa.
Nikamtazama kama jamaa.
Goti langu la kushoto lina chuma
tangu siku rafu za ghala zilipoanguka.

Ghorofani kuna kabati la droo, unavuta mwenyewe.
Ya kwanza, vipepeo. Ya pili, mayai.
Ya tatu, kurumbiza,
amelazwa chali, mabawa yamebanwa, kifua bado kina manjano,
pamba inachungulia pale palipokuwa jicho.
Mguuni kikaratasi, wino wa kahawia:
Jike. Taveta. Machi 1912.

Taveta.
Miezi miwili sijalisikia neno hilo kinywani mwa mtu.

Nilitaka kukasirika. Hasira nilikuwa nayo tayari,
imekunjwa mfukoni kama risiti.
Lakini mikono yangu ilikumbuka kabla yangu:
utomvu wa mkuyu tuliouchemsha kwenye kopo,
vijiti tulivyovipaka ulimbo kando ya mto Lumi,
na kurumbiza akipapatika, miguu imenasa,
akiuzwa senti hamsini, au akichomwa.
Hakuna aliyemwandikia tarehe.

Kikaratasi kina jina la bwana, na herufi zake tatu za mwanzo.
Kina jina la ndege, Kilatini.
Mvulana aliyepaka ulimbo hayumo.
Na alikuwepo! Ndege huyu hakujipeleka.
Tazama kucha: miaka yote hii
bado zimeshika kijiti kisichokuwepo.

"Anaimbaje?"
Msichana, kibandiko kifuani: Jasleen.
Nikaangalia huku na huku kama mwizi wa mahindi,
nikapiga mbinja, ile ya alfajiri,
ile inayoanza chini kabisa halafu inakosea njia.
Mlinzi akageuka.
Msichana hakucheka. Aliinama, sikio juu ya kioo,
akisubiri kujibiwa.
Nami, Mungu anisamehe, nikasubiri naye.

Kwenye basi nilimwandikia Kishoka,
ambaye sasa ana wajukuu wanne na figo moja:
Nimefika. Ulisema kweli, hawasogei.
Nikatuma kabla sijabadili nia,
nikaegemea dirisha, usingizi ukanichukua
vituo vitatu kupita nyumbani.